Barometa Inasema 29.85, Simu Inasema 1011: Kosa Liko Wapi?

Barometa nyingi zinazopelekwa kwa fundi hapa Lamu zikidaiwa "zimekufa" huwa nzima. Kilichokosewa ni kipimo, au kimo cha mahali, au saa ya kulinganisha. Kifaa chenyewe, kinachopima mgandamizo wa hewa, kingepaswa kushukiwa mwisho, lakini watu huanza nacho. Dalili zilizo hapa ni zile zinazolalamikiwa tena na tena na manahodha, na wenye nyumba za wageni kule Shela, na watu wa Malindi walioachiwa barometa za ukutani na Waitaliano waliohama. Tafuta yako, anza na sababu ya kwanza, na usishike bisibisi mpaka uambiwe.

"Barometa na simu zinatofautiana kama mbingu na ardhi"

Mara nyingi hapa hakuna tatizo lolote. Mgandamizo wa hewa ni uleule, umeandikwa kwa vipimo viwili. Marekani bado hutangaza kwa inchi za zebaki, na barometa kuukuu za Kiingereza zina inchi pia. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, kama za nchi nyingi, hutumia hektopaskali. Inchi hizo hazikutoka hewani: mwaka 1643 Torricelli wa Italia aligundua kwamba zebaki ikijazwa kwenye mrija mrefu wa kioo, kisha mrija ukapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki, haimwagiki yote. Husimama kiasi cha inchi 30, yaani milimita 760, ikishikiliwa na uzito wa hewa ya nje. Urefu huo ndio uliokuwa kipimo.

Hata kama chumvi imekula maandishi, ukubwa wa namba unatosha kukwambia unasoma nini:

- Kati ya 28 na 31: inchi za zebaki (inHg).
- Kati ya 730 na 780: milimita za zebaki (mmHg). Barometa nyingi za Kiitaliano ziko hivi.
- Karibu na 1000: hektopaskali (hPa) au milibari (mb). Hizi mbili ni kitu kimoja, usigeuze chochote.
- Karibu na 101: kilopaskali (kPa). Zidisha kwa 10 upate hektopaskali.
- Karibu na 1.01: bari. Zidisha kwa 1000.
- Karibu na 14.7: paundi kwa inchi ya mraba (psi).

Sababu ya pili kwa wingi ni barometa yenye duara mbili za namba. Akrabu (mshale unaoonyesha namba) ni moja lakini inapita juu ya inchi kwa nje na milibari kwa ndani, au kinyume chake, na msomaji huchukua namba ya duara moja na jina la duara nyingine. Sababu ya tatu ni programu ya simu iliyokuja na mipangilio ya Kimarekani. Ingia kwenye mipangilio, badilisha inHg iwe hPa, mjadala umekwisha.

Ukihitaji kugeuza kwa kikokotoo, inchi zidisha kwa 33.8639 upate hektopaskali. Hektopaskali zidisha kwa 0.02953 upate inchi. Milimita za zebaki zidisha kwa 1.33322 upate hektopaskali. Kutoka inchi kwenda milimita ni 25.4 kama inchi nyingine yoyote.

Ndani ya mashua hakuna mtu wa kukokotoa desimali nne, na hana haja. Shika namba moja tu: inchi 30.00 ni hektopaskali 1016. Kila hektopaskali moja ni karibu mia tatu za inchi, yaani 0.03. Ukisoma 29.85, imepungua 0.15 kutoka 30.00. Kumi na tano gawanya kwa tatu ni tano, toa kwenye 1016, umepata 1011. Kikokotoo kitakupa 1010.8, na tofauti hiyo akrabu haiwezi kuionyesha. Kwa milimita shika 760 kuwa 1013, na kila milimita tatu ni hektopaskali nne. Ukisoma 757, zimepungua tatu, toa nne, 1009.

Hesabu hii ya kichwa ni sahihi huku kwetu kwa sababu mgandamizo wa pwani hauendi mbali. Jedwali zima la mwaka wa Lamu na Malindi linaingia hapa:

| hPa (mb) | inHg | mmHg |
|---|---|---|
| 1005 | 29.68 | 753.8 |
| 1008 | 29.77 | 756.1 |
| 1010 | 29.83 | 757.6 |
| 1012 | 29.88 | 759.1 |
| 1013.25 | 29.92 | 760.0 |
| 1015 | 29.97 | 761.3 |
| 1018 | 30.06 | 763.6 |

"Nimegeuza, jibu ni la ajabu"

Ikiwa jibu ni elfu thelathini na kitu, umezidisha pahali pa kugawanya. Hilo hujionyesha lenyewe. Makosa mabaya ni yale yanayotoa jibu linaloonekana la kweli.

La kwanza ni kukata namba. Mtu hukumbuka kwamba hektopaskali moja ni inchi 0.03, akazidisha 1011 kwa 0.03 na kupata 30.33. Jibu sahihi ni 29.85. Kosa ni karibu nusu inchi, au hektopaskali 16, kubwa kuliko tofauti ya kusi na kaskazi kwa mwaka mzima hapa Lamu. Ile 0.03 inafaa kwa *tofauti* ndogo kutoka 1016, kama tulivyofanya juu, haifai kuzidishia namba nzima. Ukizidisha namba nzima, tumia 0.02953 bila kuipunguza.

La pili ni nukta na koma. Waitaliano huandika desimali kwa koma na maelfu kwa nukta. Kwenye karatasi zao 1.013 huweza kuwa elfu moja na kumi na tatu, na 29,92 ni inchi 29 na desimali 92. Ukiiingiza 29,92 kwenye programu isiyojua koma, itasoma 2992 au itasoma 29 peke yake. Kwa barometa za Malindi anzia hapa.

La tatu ni kulinganisha namba zisizo na ukali sawa. Uso ulioandikwa kwa desimali moja ukisoma 29.9, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 29.85 na 29.95, nao ni upana wa zaidi ya hektopaskali tatu. Huna haki ya kugombana na simu inayosema 1011.3.

La nne ni adimu lakini limesumbua watu makini. Zebaki hutanuka kwa joto, kwa hiyo "inchi ya zebaki" ina maana mbili vitabuni: iliyopimwa zebaki ikiwa na nyuzi 0 za Selsiasi, ambayo ni 33.8639, na iliyopimwa kwenye nyuzi 60 za Farenhaiti, ambayo ni 33.7685. Kwa inchi 30 tofauti inakaribia hektopaskali tatu. Hali ya hewa na urubani hutumia ile ya kwanza. Ukiona 29.92 yako imegeuka 1010 badala ya 1013, angalia jedwali au programu yako inatumia ipi.

"Nimegeuza sawasawa, bado kuna tofauti"

*Tofauti kubwa, hektopaskali 100 na zaidi.* Hiki ni kimo. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na hewa halisi pale ina mgandamizo wa karibu hektopaskali 820 hadi 840. Lakini taarifa ya hali ya hewa ya Nairobi itakwambia zaidi ya 1010, kwa sababu namba hutangazwa ikiwa imeshushwa kihesabu hadi usawa wa bahari, ili Nairobi na Lamu zilinganishwe. Barometa iliyonunuliwa na kurekebishwa Nairobi isome "kama taarifa", ikiteremka Lamu itakutana na hewa nzito zaidi kwa karibu hektopaskali 180, sawa na inchi tano na zaidi. Akrabu itazunguka mpaka mwisho na kukaa hapo. Simama. Usiilazimishe akrabu kwa kidole, wala usizungushe skurubu kwa nguvu. Mpe fundi wa saa aifungue na kuirudisha, maana mnyororo mwembamba ulio ndani ukikatika kupata mwingine ni kazi.

*Tofauti ya 1 hadi 3.* Sababu ya kawaida ni kimo tena, ila kidogo. Kila mita 8 au 9 unazopanda, mgandamizo hupungua hektopaskali moja. Juu ya dari ya nyumba ya ghorofa tatu Mkomani umeshapoteza moja na zaidi kidogo ukilinganisha na gatini. Simu yenye kihisi chake cha mgandamizo hupima hewa ya pale ulipo. Simu isiyo na kihisi huchukua namba ya mtandaoni, iliyokwisha kushushwa hadi usawa wa bahari. Ndiyo maana simu mbili mezani pamoja hupingana na zote zikawa sahihi.

Baada ya hapo shuku saa. Taarifa nyingi za kitaalamu huandikwa kwa saa za dunia, na Kenya iko mbele kwa saa tatu. Palipoandikwa 0600 ni saa tatu asubuhi yetu, na 1200 ni saa tisa alasiri. Ukilinganisha namba ya asubuhi na akrabu ya alasiri utapata tofauti ya hektopaskali mbili tatu hata kama kila kitu ni kizima.

Ukishamaliza haya yote na tofauti ni ileile kila siku, kwa saa ileile, hapo ndipo pa bisibisi. Nyuma ya barometa ya aneroidi (isiyo na zebaki, yenye kibweta cha chuma kilichotolewa hewa) kuna tundu dogo lenye skurubu. Pata namba ya usawa wa bahari ya saa hiyohiyo, igeuze iwe kwenye kipimo cha uso wako, gonga kioo polepole kwa ncha ya kidole, kisha zungusha skurubu robo mzunguko au pungufu mpaka akrabu ifike. Iache. Angalia kesho saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Ikiwa asubuhi inalingana lakini alasiri inakosea, skurubu haitatibu hilo. Chemchemi au kibweta cha ndani kimechoka, na hiyo ni kazi ya fundi wa vyombo.

"Inapanda na kushuka kila siku, wala hakuna mvua"

Ni nzima, tena ni nzima kweli. Karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku: hufika juu karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, hushuka chini karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri. Upana wake ni kama hektopaskali tatu, yaani inchi 0.09 au milimita mbili na ushei za zebaki. Ulaya mwendo huu ni mdogo na dhoruba huufunika, kwa hiyo vitabu vya barometa vilivyoandikwa kule huutaja kwa mstari mmoja au haviutaji. Lamu, nyuzi mbili na kitu kusini ya ikweta, ndio mwendo mkubwa kuliko mwingine wowote wa kila siku.

Wengi hudhani ni mwezi, kwa kuwa bahari nayo hujaa na kupwa mara mbili. Sababu ni jua, linalopasha moto tabaka za juu za hewa. Utathibitisha mwenyewe bila fundi: maji ya bahari huchelewa karibu dakika 50 kila siku, bamvua na maji mafu hupishana, lakini akrabu hushika saa zake zilezile mwaka mzima.

Mwendo huu ni chombo cha bure cha kukagua barometa. Akrabu isiyosogea kabisa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri ina kasoro, hata kama namba yake inapendeza.

"Akrabu haisogei"

Gonga kioo kwanza. Pwani hii chumvi huingia kila tundu, na akrabu hunata kwenye mhimili wake. Ikiruka ukigonga na kunata tena, inahitaji kusafishwa. Usipulizie mafuta ya kulainishia ndani, maana yatakusanya vumbi na mwaka ujao itanata zaidi.

Isiposogea kwa kugongwa, itie ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki usiovuja pamoja na hewa ya kutosha, funga mdomo barabara, kisha ukandamize mfuko polepole kwa viganja. Umeongeza mgandamizo wa ndani, na akrabu inapaswa kupanda. Ikipanda, mitambo ni mizima na kilichobaki ni usafi. Isipopanda kabisa, huenda kibweta cha aneroidi kimetoboka na kuingiza hewa. Kutengeneza hicho hugharimu kuliko barometa nyingi zinavyostahili, labda iwe ni urithi wa babu.

Onyo la zebaki. Ikiwa ni barometa ndefu yenye mrija wa kioo, usiifungue, usiilaze, usiitingishe, wala usiisafirishe kwa ndege kwenye mzigo wako. Mrija ukivunjika, toa watoto na paka, fungua madirisha, funga mlango wa chumba, na uondoke. Usifagie, kwa sababu ufagio huitawanya iwe matone madogo yanayotoa mvuke wenye sumu. Usiishike kwa mkono, hasa mwenye bangili au pete ya dhahabu, maana zebaki huila dhahabu. Usiimwage chooni wala baharini. Piga simu kwa NEMA (mamlaka ya taifa ya mazingira) au afisa wa afya ya mazingira wa kaunti, waje wenye vifaa.

"Imeandikwa mvua na jua linawaka"

Maneno yaliyochapwa usoni mwa barometa za kizamani yalitungwa kwa hali ya hewa ya Ulaya. Kwa kawaida "mabadiliko" huwa kwenye inchi 29.5, "mvua" 29.0, na "hali njema" 30.0. Kule dhoruba ikija mgandamizo huporomoka mpaka akrabu inafika mvua kweli. Huku tuko karibu mno na ikweta, na vimbunga vya Bahari ya Hindi ni nadra kutufikia. Akrabu hukaa mwaka mzima baina ya 29.7 na 30.1, yaani kutoka juu ya "mabadiliko" hadi kupita kidogo "hali njema", iwe masika au kiangazi. Ikiwa yako imefika kwenye mvua kweli, rudi kwenye kimo na kwenye skurubu, kwa kuwa huenda mtu ameichezea.

Kuna jambo la hatari zaidi ya kicheko. Kule kwao akrabu ikiwa juu bahari hutulia. Kwetu ni kinyume: msimu wa kaskazi mgandamizo huwa karibu 1010, na kusi inapokaza, Juni hadi Agosti, hupanda hadi 1015 na kupita. Wakati uso unakuandikia hali njema, bahari ya nje ya Lamu inachemka na mashua zimevutwa pwani. Mgeni aliyezoea barometa ya kwao huweza kusoma 30.0, akafurahi, akaomba apelekwe kisiwa cha Kiwayuu.

Usiamue kutoka baharini kwa barometa peke yake. Soma utabiri wa bahari wa Idara ya Hali ya Hewa, uliza kamati ya ufuo, msikilize nahodha. Barometa ikishuka hektopaskali tano na zaidi chini ya ilivyokuwa jana saa hiyohiyo, na umeshahakikisha haikuguswa, hiyo si kawaida huku. Rudi bandarini kwanza, utaulizia sababu ukiwa nchi kavu.

"Hizi paundi nazo je?"

Hewa yetu ya kawaida ni paundi 14.7, lakini kipimo cha tairi ya tuktuk pale Malindi kikiwa hewani husoma sifuri. Hakijaharibika. Hupima kilichozidi juu ya hewa ya nje. Paundi 30 za tairi ni kilopaskali 207 juu ya hizo 101 zilizopo tayari. Presha ya damu hospitalini nayo ni milimita za zebaki zilezile, na 120 yake huhesabiwa hivyohivyo, juu ya hewa ya nje. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha kipimo chochote na barometa, uliza kama sifuri yake ni utupu au ni hewa tunayovuta.

Kwa wazamiaji wa Malindi na Watamu, bari 200 ni karibu paundi 2,900. Kugeuza namba hiyo ni ruhusa kwa mtu yeyote. Kufungua kipimo cha silinda kinachopingana na kingine si ruhusa, rudisha kwa chuo cha kuzamia na usishuke nacho.

Na rubani mgeni mwenye dirisha la inchi peke yake kwenye kipimakimo chake: huku utapewa hektopaskali. Hektopaskali moja ikikosewa ni karibu futi 27. Kosa maarufu duniani ni kusikia 992 na kuweka 29.92, ambalo humfanya mtu aamini yuko karibu futi 600 juu ya alipo. Pwani yetu 992 haifiki siku za kawaida, kwa hiyo ukiisikia, au ukijikuta unakisia tarakimu yoyote, usigeuze kwa kichwa. Omba waongozaji wa ndege warudie namba pamoja na jina la kipimo, kisha uwasomee ulichoweka.